Faksi Kutoka Kampala

Hebu kaa hapo, mwanangu. Nimekusikia ukisema hao wageni wa mkutano wenu hawana la kukufundisha, nikakumbuka siku moja ambayo bado inanitia aibu.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili hivi. Nilikuwa afisa wa afya, msichana bado, na maringo sikwambii! Kipindupindu kiliingia Riruta, mtaa wa Nairobi. Tukachapisha mabango kule mjini, River Road, "Chemsha maji ya kunywa", tukabandika kila ploti ya nyumba za kupanga, lakini wagonjwa wakazidi. Ndipo ikaja faksi ya Sista Nakato, si mtawa bali muuguzi wa Kampala aliyekuwa amepambana na ugonjwa huo kwao. Aliandika: angalieni matanga, watu wananawa kwa beseni moja, na aliyeosha maiti ndiye anayepakua chakula. Nilicheka. Ati Kampala itufundishe sisi wa Nairobi! Nikaitupa kwa droo.

Jumamosi hiyo tulikwenda matanga kwa jirani, mimi na dada yangu Rispa. Beseni likapitishwa, maji yake yameshabadilika rangi. Nilijua hatari, mwanangu. Lakini ukikataa beseni la wafiwa utaambiwa unajidai. Nikanawa, kisha nikampa Rispa.

Jumatatu Rispa alikuwa amelegea, macho yameingia ndani, hata jina langu hawezi kuliita. Tulimkimbiza hospitali, akawekewa maji ya mishipa. Nikarudi ofisini mjini nikilia, nikaitoa ile faksi, nikampigia Sista Nakato. Nilijua atanigombeza.

"Dada yako ameanza kunywa chochote?" aliuliza kwanza, akanieleza namna ya kumpa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Kisha akasema, "Faksi yangu uliisoma?"

"Niliisoma, Sista. Niliidharau."

Akaniambia: "Sikuandika kwa sababu nina akili kukushinda. Sisi tulizika watu ndipo tukajua. Nilitaka nyinyi mjue kabla ya kuzika."

Wee! Sijawahi kugombezwa kwa upole namna hiyo. Tena alipanda basi, kesho yake akafika, na hakutaka hata chai ya ofisi. Aliomba apelekwe kwa akina mama wanaopika matangani. Alikaa nao, akawasimulia yaliyowapata kwao Kampala, na wakaamua wenyewe: beseni liondoke, mlangoni kuwe na jerikeni yenye mfereji wa kufungulia maji, na sabuni, na waliomwosha maiti wasiguse sufuria. Kwa vile kila mtu alinawa hivyo, hakuna mfiwa aliyeona amedharauliwa. Wagonjwa walianza kupungua. Rispa naye akapona, na leo ni nyanya wa watu, mdomo mrefu vile vile.

Kwa hivyo, mwanangu, mtu wa nchi nyingine akikuletea alichojifunza kwa machozi, kipokee, kisha ukipeleke haraka kwa wale kitakaowafaa. Nawe ukijua kitu usikikalie; mpigie jirani kabla hajakuuliza, na umwambie hata mlipokosea, maana hapo ndipo atakapopona mtu usiyemjua.

Nenda na Mungu, akupe moyo wa kusikiliza. Na Sista Nakato, popote alipo, ambariki yeye na watoto wake wote, kwa sababu bila yeye ningemzika dada yangu kwa maringo yangu.