Mashine Iliyozimika Kila Nilipoisogelea

Shule yetu hapa Kasulu ilirithi mashine ya kukata nyasi kutoka shirika moja lililofunga ofisi zake Kibondo. Siyo ile ya kusukuma. Hii unapanda, unakaa kitini, unashika usukani kama dereva wa lori la Manyovu, na visu vinazunguka chini yako. Akakabidhiwa mtunza viwanja wetu, mzee wa asili ya Burundi aliyepata uraia wakati mimi bado nasoma chekechea huko Tanga. Mzee alikuwa amepasuliwa ngiri na daktari akampiga marufuku kushika fyekeo. Bila mashine hiyo, hana kazi.

Na mashine ilikuwa na kisirani. Inanguruma vizuri, inakwenda hatua ishirini, kimya. Mkuu wa shule uvumilivu ukamwisha. Akasema Ijumaa wazazi wanakuja kikaoni, na uwanja usipokatwa wote siku hiyo, chombo kinakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na shule itatafuta mtu mwenye nguvu za kufyeka.

"Niachieni mimi," nikasema. Mwalimu wa fizikia! Kiherehere changu, jamani.

Jumatatu nikafungua plagi, nyeusi tii, nikaisugua ikang'aa. Jumanne nikamwaga petroli iliyokuwa imelala humo tangu enzi za shirika, nikaosha kabureta, nikabadilisha chujio la mafuta. Jumatano nikafungua kichujio cha hewa, nikakuta panya kajenga, tena na watoto. Nilipiga kelele hadi kidato cha pili wakachungulia madirishani. Kila nikimaliza, mzee anawasha, anaondoka kwa mbwembwe, namfuata nimpongeze, na kabla sijamfikia inazimika.

"Umebonyeza nini?"

"Sijabonyeza kitu, mwalimu."

"Kwa hiyo imejibonyeza yenyewe?"

Nilifoka, siwezi kuficha. Yeye alisimama tu pale, kofia mkononi, akiniangalia kwa adabu zote.

Alhamisi nikapanda mwenyewe. Nikazunguka uwanja mara tatu, haikukohoa hata kidogo. Watu wa Makere walikuwa wakipita kwenye njia inayokatiza uwanjani kwenda sokoni, nami nikawapungia mkono nikiwa nimekaa kama malkia.

"Inakuogopa, mwalimu," mzee akasema. Nikamwambia mashine haina akili ya kuogopa mtu, nikamrudisha kitini, nikaenda kumtazama kupitia dirisha la maabara.

Akaja bibi mmoja na kikapu cha maharage. Mzee akavua kofia, akanyanyuka kitini, akanyoosha mikono yote miwili. "Mwiriwe!" akamsalimia kwa lugha ya kwao. Mashine, kimya. Akawasha tena. Akapita babu mwenye baiskeli. Akanyanyuka. Kimya.

Loh! Chini ya kile kiti kuna swichi: makalio yakiinuka, injini inazimika, ili mtu akiteleza visu visimle miguu. Na mimi nimemfundisha binti yake wa mwisho, kwa hiyo kila nilipomkaribia alininyanyukia. Siku nne natafuta ugonjwa, kumbe ugonjwa ni mimi. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Kuifunga ile swichi nilikataa, visu vile si mchezo. Nikamfuata. "Mzee, kesho usinyanyuke. Hata akipita nani."

"Nimwamkie mtu mzima nimekaa, mwalimu?"

"Ndiyo."

Aliniangalia kama vile nimemwambia aje kazini bila suruali.

Ijumaa akaanza kukata, mkuu wa shule amefunga mikono kifuani. Wazazi wakaanza kufika, wakajipanga kando ya uwanja. Mzee anaitikia kwa kichwa tu, jasho linamtiririka, mikono imeng'ang'ania usukani. Alikuwa amebakiza mizunguko miwili tu nilipomwona mama mkwe wake anaingia getini, kajifunga kitenge kipya, kaja kwa ajili ya mjukuu.

Hapo nikajua tumekwisha. Hakuna mwanaume wa huku atakayebaki kitini mbele ya mama mkwe wake. Nikamkimbilia, nikamweleza mbio mbio, nahema: akinyanyuka kukusalimia mashine inazimika, na ikizimika leo hana kazi.

Bibi alielewa haraka kuliko mimi na shahada yangu.

"Kwani mimi nimemwona?" akasema. Akageuka, akaupa uwanja mgongo, akajifunika kitenge kichwani. Wazee wa karibu yake wakaulizana kwa Kiha, wakaguna, nao wakageuka. Mstari mzima wa wazazi ukawa unatazama ukuta wa choo cha wavulana.

"Wamesusa?" mkuu wa shule akaniuliza kwa hofu.

Mashine ilikuwa inakuja upande wetu. Mzee aliwapita kwa macho mmoja mmoja, migongo mitupu, akaanza kutabasamu. Halafu akaniona mimi. Mkono ukaenda kwenye kofia, kiuno kikaanza kuinuka.

Nikageuka haraka, nikafumba macho kabisa. Injini ikapita nyuma yangu ikinguruma, ikaendelea hadi mwisho wa uwanja.