Kanuni Iliyonyamaza

Kundi la wanaume lilipanda ngazi na nondo mikononi kuja kumvunja wifi yangu mifupa, na mimi nilikuwa juu ya ngazi hiyohiyo nikipiga deki. Niliwamwagia ndoo nzima ya maji machafu usoni. Hayakuwazuia, lakini roho yangu ilitulia kidogo.

Wifi huyu ni mke wa kaka yangu, na kiwandani wote tulimwita Kanuni. Mwanzoni tulikuwa hatupikiki chungu kimoja. Nilimwona ana maringo: mwanamke mwembamba mwenye miwani, anashinda kwenye chumba chenye kiyoyozi akiandika vitu visivyosomeka, wakati mume wake yuko chini kwenye mashine ya Saba anameza vumbi la chuma. Nilikuwa namtania kwamba anawaandikia majini barua za mapenzi. Anacheka kidogo, kisha anarudi kwenye kompyuta yake.

Kazi yenyewe alinieleza siku moja nikimfutia meza. Kiwanda chetu kinakunja mabati kwa mashine kubwa za kugandamiza. Kila mashine ina faili lake la XML, na ndani yake mna maagizo yaliyopangwa moja ndani ya jingine, kila moja na jina lake: nguvu, kasi, na kinga, yaani lile jicho la taa linalosimamisha mashine mkono wa mtu ukiingia. Faili likisema, mashine inatii. Wifi yangu alikuwa akiandika maswali kwa lugha inayoitwa XPath, na maswali hayo yalipitishwa kwenye mafaili yote kabla hayajafika kwenye mashine. Swali moja ndiyo kanuni moja. Kanuni ikikuta kosa, unatokea mstari mwekundu na faili linakataliwa. Isipokuta kitu inanyamaza, na taa ya kijani inawaka.

Ile aliyojivunia ilikuwa fupi tu: //mashine[kinga='imezimwa']. Maana yake, nitafutie kila mashine ambayo kinga yake imezimwa. Msimamizi wa zamu aliichukia kama ukoma, kwa sababu kinga inasimamishasimamisha kazi na yeye alitaka mabati yatoke kama mvua. Mara kwa mara aliizima kwenye faili, na kila mara mstari mwekundu ulimuumbua. Siku moja alimkwida wifi yangu ukosi wa blauzi, akambamiza ukutani mbele ya macho yangu.

"Mwanamke wewe, utanifukuzisha kazi!"

Wifi hakulia. Alinyoosha ukosi wake, akasema, "Washa kinga, bosi."

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, na sioni haya kusema.

Sasa, asubuhi ya mkasa, mashine ya Nne ilimla mdogo wake Nyundo mkono. Nyundo ni fundi wetu wa mitambo, jitu la miraba minne. Mdogo wake alikuwa akivuta bati lililokwama, mashine ikashuka. Yowe la kijana lilipita kelele zote za kiwanda. Nilichokiona pale sakafuni sitakieleza. Niliambiwa nikioshe, nikakiosha.

Kijana alikimbizwa hospitali. Damu haijakauka, Msimamizi akapiga makofi. "Kazi iendelee! Ukaguzi wa asubuhi ulikuwa wa kijani. Mwenye swali akamuulize Kanuni huko juu." Mashine ya Nne ikafunikwa turubai, nyingine zikaendelea kunguruma, na wanaume wakaokota nondo.

Walinipita pale kwenye ngazi wakiwa wamelowa. Nyundo aliupiga mlango teke ukang'oka kwenye bawaba. Wifi alikuwa amesimama na simu sikioni, akipiga huko chini ambako hakuna anayesikia simu. Mmoja wao akampokonya, akaipasua ukutani.

"Ulisema ni salama!" Nyundo alinguruma. "Ulisema kijani!"

"Ilikuwa kijani," wifi alijibu. "Na nimeshaona kwa nini. Nipe muda kidogo tu, kaka."

Akampa ngumi. Miwani ilivunjika, damu ikamtoka puani na kudondokea vitufe. Mwingine akaisambaratisha kompyuta ya pembeni kwa nondo. Mimi nilimrukia Nyundo mgongoni na mpini wa fagio, nikamtwanga kichwani. Mtu akanivuta nywele, nikamng'ata kidole hadi damu ikajaa mdomoni. Na katikati ya vurugu hizo zote wifi yangu alikuwa anaandika. Anaandika! Mkono mmoja umeziba pua, mwingine uko kwenye vitufe.

Alichokuwa amekiona ni hiki. Msimamizi, baada ya kuchoka kuumbuliwa, aliacha kuizima kinga. Aliufuta mstari wake wote kutoka kwenye faili. Kanuni ilikuwa inatafuta kinga zilizozimwa. Pasipokuwa na kinga kabisa, haikuwa na cha kushtaki. Ni sawa na mlinzi aliyeambiwa aripoti kila mlango ulio wazi: akifika kwenye nyumba iliyong'olewa mlango, anapita zake akipiga mluzi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe tulikuwa tumeusikia asubuhi.

Basi aliligeuza swali: //mashine[not(kinga='imewashwa')]. Yaani, usinitafutie iliyozimwa. Niletee kila mashine isiyo na kinga iliyowashwa, iwe imezimwa, iwe imefutwa. Akabonyeza. Nyundo alikuwa tayari amenyanyua nondo juu ya kichwa chake.

Ukatokea mstari mwekundu: Nne. Chini yake ukatokea mwingine: Saba.

"Saba!" wifi alipiga kelele, meno yote mekundu. "Wifi, Saba!"

Nyundo akaganda. "Saba imefanyaje?"

"Haina kinga! Kama ya mdogo wako!" nilimfokea. "Na aliyepo ni mume wake huyu unayempiga! Ni kaka yangu, mjinga wewe!"

Alinitazama, akaitazama ile mistari miwili. Kisha akaruka ngazi kwenda chini, na mimi nyuma yake bila viatu.

Kaka alikuwa na bati lililokwama. Nilimwona kwa mbali ameuingiza mkono hadi kiwiko, anavuta, akiamini lile jicho linamwona. Niliita hadi koo likachanika. Hakusikia, maana masikio aliyaziba kama tulivyoamriwa. Nyundo hakumkimbilia yeye. Alikwenda kwenye sanduku la umeme, ambalo Msimamizi alilitia kufuli ili watu wasizime ovyo, na Msimamizi mwenyewe akasimama mbele yake na kutanua mikono.

Nyundo hakumwomba apishe. Alimpiga nondo ya bega, nikausikia mfupa. Akalipiga kufuli, akalipiga tena, likaruka. Akavuta swichi.

Saba ilikuwa tayari inashuka. Ilitetemeka, ikasimama. Kati ya chuma na mkono wa kaka yangu palibaki nafasi ya kupitisha kiganja. Akauchomoa mkono taratibu, akatoa vizibo masikioni, akauliza, "Kwani umeme umekatika?"

Nilimzaba kofi, kisha nikamkumbatia nikilia.

Msimamizi siku hiyo alikiona cha mtema kuni. Wanasema hasira hasara, na huenda ni kweli, lakini mpini wa fagio nilikuwa nao na niliutumia, wala sijutii. Wifi alishuka akijishikilia ukutani. Hakuwazuia watu, hakuwachochea. Alimwendea mume wake, akaushika ule mkono, akavigusa vidole kimoja kimoja kama mzazi anayekagua mtoto mchanga.

Msimamizi alifikishwa mahakamani, bega likiwa bado na plasta. Mdogo wake Nyundo alitoka hospitali na mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Walikuja nyumbani kwetu wote wawili. Nyundo aliomba radhi akiangalia viatu vyake.

"Ngumi nimeshasamehe," wifi alisema, pua bado imepinda. Akamgeukia kijana. "Lakini kanuni ilikuwa yangu. Ilinyamaza, nikadhani kimya ni usalama. Nisamehe."

"Samahani yako haitanifungia vifungo vya shati," kijana alijibu.

Wifi alimvutia kiti.

"Najua," wifi alisema. "Ndiyo maana nataka uje tukae meza moja. Kazi yako iwe kunidanganya."

Alikubali kwa hasira, nadhani, wala si kwa mapenzi. Siku hizi kila kanuni mpya, kabla haijaaminiwa, yeye huchukua faili lisilo na kosa na kuliharibu kwa kidole cha kushoto: anafuta mstari, anauhamisha, anauficha ndani ya mwingine. Kanuni lazima ilie kwanza ndipo kimya chake kikubaliwe. Ikinyamaza, kijana ameshinda, na anashinda mara nyingi. Akishinda hasemi kitu. Anaibamiza meza kwa ngumi moja aliyobaki nayo hadi vikombe vinaruka, na wifi yangu anashtuka, anajigusa pua, kisha anaanza kuandika upya.