Bakuli Kando ya Biriani

Jumamosi, kwenye harusi huko Langoni, tulikaa wanawake wanne kwenye sinia moja la biriani. Mmoja wetu, mama mwenye kisukari, akatoa mkobani bakuli la samaki wa kuchemsha na mchicha, akaliweka kando ya sinia, akaanza kula.

Mwenye shughuli alikuja mbio. "Bi, waniaibisha mbele za watu. Onja hata kidogo."

"Dada yangu alionja kidogo kidogo harusi zote za mtaa huu," akajibu bila kuinua kichwa. "Siku aliyokatwa mguu, sikuona mtu aliyeona aibu."

Akaendelea kutafuna, taratibu.

Kwetu, kukataa chakula cha harusi ni kumtukana mwenyeji. Basi wenyeji mzoee matusi, maana harusi ijayo nami naja na bakuli langu.