Keki ya Malkia wa Majivu

Mtaani kwao walimwita Darubini, naye alikuwa ameshachoka kuwakatalia. Alioka keki katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, chumba chenye oveni mbili, meza ndefu ya bati na dirisha lililotazama lango la jirani, na hakuna aliyepita langoni pale bila yeye kujua kabeba nini. Yai alilinusa kabla ya kulipasua, akalinusa tena baada ya kulipasua. Aliwahi kukataa kuoka keki ya harusi kwa sababu bwana harusi, alipoulizwa jina la bibi harusi linaandikwaje, alitoa simu kwanza kuangalia. Watu wakasema ana roho mbaya. Ndoa ile ilipovunjika kabla mwaka haujaisha, wakasema ana jicho.

Kwa hiyo shemeji yake alipomaliza kumtengenezea friji asubuhi moja, akafunga kisanduku chake cha vifaa, kisha asiondoke, Darubini alijua kuna jambo.

Shemeji huyu, mume wa mdogo wake, alikuwa fundi wa mafriji, mtu mpole ambaye salamu zikiisha naye huwa amemaliza kuzungumza.

"Shemeji, nataka keki," alisema. "Ya siku ya kuzaliwa."

"Ya nani?"

"Mwenzetu mmoja." Akafuta mikono iliyokuwa misafi tayari. "Tuna mchezo wetu wa mezani. Mmoja anasimulia hadithi, sisi wengine kila mtu ana mhusika wake. Kuna mwizi, kuna askari, kuna mchawi. Unasema mhusika wako anafanya nini, halafu unarusha dadu kujua kama amefaulu au ameumia."

"Watu wazima?"

"Watu wazima."

"Na mwenye siku ya kuzaliwa ni nani humo?"

"Malkia wa Majivu. Andika hivyo hivyo juu ya keki, na uweke joka, mnara na dadu."

"Nyumbani kwao wanamwitaje, huyo malkia?"

Shemeji akaitazama friji kama vile ingemjibia. "Hilo linatosha, shemeji. Na tafadhali, mdogo wako asijue kwanza."

Darubini akasema sawa.

Alipobaki peke yake alikaa juu ya ndoo ya unga akaanza kuunganisha. Mchezo wa siri. Mwanamke asiye na jina. Mume anayemficha mkewe. Tena walikuwa wanakutana lini? Jumamosi alasiri, shemeji alisema akiaga, na keki iwe tayari siku hiyo. Hapo ndipo moyo ulipompasuka paa, maana Jumamosi alasiri ndiyo siku ambayo shemeji huyo alimpeleka Mama kwenye mazoezi ya mgongo, pamoja na wastaafu wenzake. Alikuwa akimpeleka, anamsubiri, anamrudisha. Ukoo mzima ulimsifu kwa hilo. Kumbe, Darubini aliwaza, anamshusha mama yetu mlangoni kama mzigo, halafu anakwenda kwa malkia wake.

Hakukataa kazi. Aliona kwamba ukitaka kumjua mtu, mpe nafasi aeleze anachokipenda. Akampigia simu.

"Hilo joka unalolitaka, limelala au limesimama?"

"Limelala, limezungusha mkia kwenye mnara. Jicho moja wazi," alisema shemeji, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine, ya mtu mwenye maneno mengi. Akaeleza pango lililo chini ya mnara, daraja lililokatika, mlango ambao haufunguki mpaka uuambie ukweli. Akaeleza dadu yenyewe, kwamba si ile ya pande sita, ni ya pande ishirini, na kwamba pale juu ionyeshe ishirini, maana hiyo ndiyo bahati ya juu kabisa.

"Na malkia mwenyewe yukoje?"

"Usimfanye msichana, shemeji. Ni mtu mzima. Ana kifua cha kujivuna. Mji wake uliungua, kwa hiyo anatembea na majivu yake kwenye kifuko kiunoni. Ukimwona, unanyamaza mwenyewe."

Unanyamaza mwenyewe. Darubini aliiweka simu chini akaiangalia. Miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia akimsema mkewe hivyo.

Alichora joka kwenye karatasi ya kuokea, akalifuta, akalichora tena. Mnara aliujenga kwa duara za keki ya kakao, moja juu ya nyingine, akapitisha kijiti kikubwa katikati usije ukaegemea njiani. Pango alilichimba kwa kijiko, akalijaza jemu nyekundu ili kisu kikiingia itiririke. Mabawa yalimsumbua. Ya kwanza yalivunjika, ya pili yalilegea kama masikio ya sungura, mpaka alipoyakausha juu ya chupa iliyolazwa ndipo yakashika mkunjo. Dadu aliikata kwa rula, upande kwa upande, huku akinung'unika kwamba hata zinaa siku hizi ina hesabu. Malkia alimfinyanga mwisho. Alikusudia kumtia sura mbaya kidogo, pua ya tai na midomo ya dharau. Mikono yake ikakataa. Akatoka mwanamke mnene, amejinyoosha, anayetazama mbele kama anayengoja watu waache ujinga.

Siku hiyohiyo alimpelekea Mama chai isiyo na sukari. Mama alikuwa muuguzi mkuu mstaafu aliyeendesha wodi kwa nyusi tu, lakini tangu alipoanguka bafuni na daktari akasema sukari yake imepanda, Darubini alikuwa amemhamishia nyumbani kwake, akaondoa mazulia yote na kufungia kopo la asali kabatini.

"Mama, shemeji anakusubiri kule mazoezini, au anaondoka?"

"Ananisubiri," alijibu Mama. Akapuliza chai iliyokuwa imeshapoa. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Wewe huulizi tu."

Darubini aliiona ile pumzi juu ya kikombe. Mama naye anadanganya. Anamfichia mkwewe. Usiku ule hakula. Kesho yake alimpigia mdogo wake, akazunguka zunguka na habari za bei ya mayai, kisha akauliza mumewe yukoje siku hizi.

"Yuko vizuri sana," alisema mdogo wake. "Ana raha. Anaimba hata bafuni."

Dalili ya mvua ni mawingu, na haya sasa yalikuwa meusi. Ulimi ulimwasha amwambie yote palepale, lakini alitaka kwanza kuona kwa macho yake.

Jumamosi shemeji alikuja kuchukua keki. Alikuwa amechana nywele. Darubini alikuwa tayari mlangoni, viatu miguuni.

"Keki hii haibebwi na mtu asiyeijua," alimwambia. "Naipeleka mwenyewe."

"Shemeji, si lazima."

"Bawa likivunjika utalilipa kwa kitu gani?"

Mwanamume yule alisogea pembeni, akapiga simu kwa sauti ya chini. Darubini alisikia maneno machache: "Anataka kuja mwenyewe." Akasikiliza. "Sawa. Kama umekubali wewe."

"Mama umeshamfikisha mazoezini?" aliuliza walipoingia garini.

"Nimeshampeleka."

Njia nzima alikumbatia sanduku mapajani. Alikuwa akipanga maneno atakayomwambia huyo mwanamke. Aliyapanga ya heshima, kisha akapanga mengine ya akiba.

Walisimama mbele ya duka la vifaa vya shule. Ngazi ilipanda kando yake, nyembamba, yenye harufu ya gundi na karatasi mpya. Juu kulikuwa na mlango uliorudishwa tu. Shemeji akausukuma kwa bega.

Mezani walikuwa watu wanne. Mwenye duka, aliyekuwa msimuliaji, alikaa nyuma ya ubao uliomficha hadi kidevuni. Kulikuwa na mwalimu wa hisabati na mkewe mshonaji, wakigombania biskuti moja. Na kwenye kiti chenye mto, mtandio wa kijivu mabegani, kifuko kidogo kiunoni, dadu mkononi, alikaa Mama.

"Weka hapo katikati," alisema Mama. "Taratibu. Hilo bawa lina nyufa?"

Darubini aliiweka. Alimtazama malkia wa sukari, akamtazama mama yake. Walikuwa na kidevu kimoja.

"Na mgongo wako?" ndilo swali pekee lililomtoka.

"Mgongo wangu mzima. Haujafanya mazoezi hata siku moja." Mama akaweka dadu chini. "Usimwangalie shemeji yako kwa jicho hilo. Mimi ndiye niliyemnyamazisha. Alinileta mara moja tu nisikae peke yangu, nikapenda. Mkewe hatukumwambia kwa sababu yeye hawezi kukuficha kitu."

"Ungeniambia mimi. Ningekataa?"

"Usingekataa. Ungekuja kupima ngazi. Ungeuliza hawa nani ana kikohozi, kiti kina miguu mizima, wanakula nini. Wiki ya tatu ningekuwa nyumbani na chai yangu." Mama alisema hayo bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Hapa nimekufa mara mbili, mwanangu, na nimefufuka. Hakuna aliyenishika mkono nikienda chooni."

Wale wengine waliinamia karatasi zao. Mshonaji akaichukua ile biskuti.

"Kwa nini basi uagize keki kwangu? Mji huu una waokaji wangapi?"

"Kwa sababu leo ni siku ya malkia. Siku yangu mimi, kila mwaka, unanipa mkate wa pumba wenye mshumaa," alisema Mama. "Nilitaka kula keki ya binti yangu, ile wanayokula watu wengine. Nimepima sukari asubuhi. Kata."

Darubini alichukua kisu. Alitaka kulia, na alitaka pia kuuliza alipima kwa mashine gani. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikata, jemu ikatiririka kutoka pangoni, mwalimu akatoa mlio wa furaha kama mtoto. Kipande cha Mama alikikata chembamba, akakifikiria, akakikata kingine cha kuongezea.

Akiteremka alimwambia shemeji amweleze mkewe jioni hiyohiyo, au atamweleza yeye. Akaeleza. Mkewe alicheka sana, kisha akanuna siku kadhaa kwa kuachwa nje, kisha akadai kiti. Sasa ni mchawi, na wanasema ni mbaya kweli.

Darubini alijaribu kucheza mara moja. Alitumia alasiri nzima kumhoji mwenye nyumba ya wageni, mtu wa hadithi tu, akiamini ametia sumu kwenye mchuzi, mpaka joka likaondoka bila kupigana na yeyote. Hakurudi. Ila Mama hamfichi tena habari za Jumamosi, na ufunguo wa kabati la asali anao mwenyewe.

Siku za karibuni Mama anasema Jumatano anakwenda kwa daktari wa macho. Anakwenda amejipaka manukato. Darubini ameamua kumwamini, na kila Jumatano anaosha vyombo akiwa ameupa mgongo mlango, jambo ambalo linamgharimu.