Ndege Iliyoanguka kwa Mama Kabange

Kwa nini nilinyamaza, mimi ninayewacheka wanaoamini uchawi?

Simu ilitabiri dhoruba. Mimi, msomi wa kubishia kila kitu, nikarusha droni yangu juu ya mtaa wetu wa Katuba. Upepo uliibwaga uani kwa jirani yetu Mama Kabange, mjane mzee. Nilipofika, watu walikuwa wameshamzunguka.

"Iko ndege ya mulozi!" mwanamume mmoja alipiga kelele akimwita mchawi, jiwe mkononi. "Mama, ulitaka kuua nani?"

"Sijue kitu, batoto yangu," alijibu.

Nilificha rimoti chini ya kitenge changu, nikitafuta ujasiri wa kusema. Rimoti, iliyopoteza mawasiliano na droni, ikaanza kulia yenyewe, na wote wakanigeukia.

Muda mrefu baadaye, binti wa Mama Kabange aliniambia kwamba mama yake aliniona nikirusha droni tangu mwanzo, ila hakutaka kunitaja.