Kinanda Alipobaki Akiimba Peke Yake

Fundi huyu wa kushona sare za shule alikuwa na jina la ubatizo, lakini hata mumewe alikuwa karibu kulisahau. Watu walimwita Kinanda kwa sababu ya sauti yake. Alipokanyaga cherehani huku akiimba, wateja waliofuata nguo zao walijifanya wanakagua vifungo ili wasikie ubeti ukiisha. Kanisani yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na kwaya nzima ikamfuata kama vifaranga.

Kisha shingo ikaanza kuvimba. Daktari alisema ni tezi, na kisu hakikwepeki. Akiwa kitandani, kabla dawa ya usingizi haijamchukua, alimwambia Mungu kimoyomoyo: nikiamka, nitakuimbia hadi pumzi ya mwisho.

Aliamka. Sauti haikuamka. Kilichobaki kooni kilikwaruza kama bawaba isiyojua mafuta, mara kinapanda, mara kinakatika. Aliambiwa asubiri. Mvua zikaja, zikaenda, na sauti ikabaki vilevile.

Jumapili ya kwanza aliporudi kanisani, aliimba. Mtoto wa benchi la mbele akageuka, akamtazama, kisha akajificha kifuani kwa mama yake. Ibada ilipoisha, wifi yake, dada wa mumewe, ambaye sasa ndiye aliyeongoza kwaya, akamvuta pembeni.

"Wifi, usinielewe vibaya. Umetoka kuugua, pumzika. Kuimba si lazima mdomo. Hata moyo unaimba."

"Kwani nimekosea?"

"Hujakosea. Ila watu... unajua watu walivyo."

Maneno hayo yalimwingia kama sindano iliyokatikia kidoleni. Tangu hapo, kila Jumamosi jioni hofu ilianza kumjia. Alipanga pa kukaa kama mwizi anayepanga pa kupenyea. Asikae karibu na mke wa mzee wa kanisa, ambaye shingo yake haikuchoka kugeuka. Asikae mbele. Mwishowe akapata mahali: ukutani, chini ya spika kubwa, ambapo hata ukipiga chafya hujisikii mwenyewe.

Hapo akajificha. Spika ikinguruma, naye aliimba chini kwa chini. Ikipoa, aliikata sauti yake haraka, midomo ikabaki inacheza tu. Na kila alipoikata, alikumbuka ile ahadi ya hospitali, akajiuliza. Je, hivi anawakwepa watu, au anamdanganya Mungu?

Kazini alianza kuharibu. Siku moja alishona mkono wa kushoto upande wa kulia, akaufumua, akaushona palepale tena. Mumewe, seremala aliyefanyia kazi chumba cha pili, alimsikia akinung'unika.

"Mama watoto, unagombana na kitambaa?"

"Nilimwahidi Mungu kitu. Sasa nakificha chini ya spika."

"Basi toka chini ya spika."

"Kwako ni rahisi kusema. Hujawahi kuimba vizuri tangu uzaliwe, huna cha kupoteza!"

Mume alicheka hadi randa ikamponyoka. "Ndiyo maana naimba kwa raha," akasema.

Naye akacheka, lakini kicheko hakikufika tumboni.

Jumapili iliyofuata kanisa lilikuwa na wageni, na kwaya ilianza wimbo alioupenda kuliko zote, ule aliokuwa akiuanzisha mwenyewe. Spika ilitikisa ukuta. Akafumba macho. Taratibu akajisahau, sauti ikamtoka yote, bila kipimo.

Mara umeme ukakatika.

Spika ikazimika. Gitaa likafa. Kwaya, iliyozoea vipaza sauti, ikakatiza katikati ya neno. Kanisani pote ikabaki sauti moja tu, inakwaruza.

Kinanda alijisikia. Akafumbua macho, akakuta shingo zimegeuka. Nyuma huko mtu akaguna, mwingine akacheka puani. Wifi yake, kipaza sauti kilichokufa kikiwa mkononi, alimtikisia kichwa na kumshushia kiganja: kaa, kaa chini. Jasho jembamba likamtoka. Benchi lilikuwa nyuma yake. Kukaa tu kungetosha, na mambo yangeisha.

Lakini alikumbuka kile kitanda cha hospitali. Pale hapakuwa na kwaya wala wageni. Alikuwa yeye na yule aliyekuwa akisema naye, na hakumwahidi sauti nzuri.

Akaendelea. Penye kupanda, sauti ilikatika; akaiokota chini, akaendelea nayo. Wakacheka tena. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. Kando yake mumewe akaitikia, nje kabisa ya tuni. Wachache wakajiunga. Wengine walitazama viatu vyao hadi wimbo ulipokwisha. Mchungaji alisimama tu, kichwa ameinamisha.

Nje ya mlango wifi alimngojea.

"Umetuaibisha. Na wageni walikuwepo."

"Nisamehe kwa aibu uliyoipata, wifi. Lakini sikuwa nawaimbia wageni."

Wifi aliondoka bila kuaga, na kwa muda mrefu salamu zao zilikuwa za juu juu. Watani wa mtaani wakambatiza upya: Msumeno. Jina lilimuuma, hawezi kusema halikumuuma. Lakini mkono wa kushoto wa sare ulirudi upande wake, na pale chini ya spika hakurudi tena. Siku hizi hukaa benchi la katikati.

Hofu bado humjia kila Jumamosi jioni. Lakini kanisani huenda hivyohivyo. Wimbo ukianza, humeza mate kwanza, hushika benchi lililo mbele yake kwa mikono miwili, kisha huimba.