Jogoo wa Kukombolea Jina

Masunga wa Dutwa huunda mikokoteni ya ng'ombe, na ubavuni mwa kila mkokoteni hugongelea kibati chenye anwani ya mtandaoni: mkokotenidutwa.co.tz. Zamani kibati kilikuwa na namba ya simu. Baadaye laini ile ikafungwa, namba akapewa mwanamke mmoja wa Sola, na mama wa watu akakaa mwaka mzima akiulizwa habari za ekseli. Shemeji yake Masunga, marehemu Bujiku, mwenye stationari mjini Bariadi, ndiye aliyeleta dawa. Namba hupotea, alisema, lakini jina la mtandaoni ukishaliandikisha ni lako. Hakusema kwamba ni lako kwa mwaka mmoja mmoja. Huenda hakuona haja, maana aliyelilipia alikuwa yeye, kwa jina lake na kwa simu yake.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka sita. Mtu wa Kimali akivunjikiwa ekseli porini alisoma kibati, akafungua anwani, akakuta namba ya Masunga ya wakati huo na picha ya kila kipuri. Vibati vilikuwa vimeshapita elfu moja, vyote vimepigwa chapa ya chuma, na chuma hakifutiki kwa mate. Ndipo Bujiku akafariki, mwezi wa pili, kwa homa ya siku nne.

Simu yake ilifungwa kwenye kanga pamoja na saa na viatu, ikawekwa sandukuni. Vitu vya marehemu haviguswi mpaka siku ya kumaliza matanga, wazee wakae na warithi watajwe. Siku ikapangwa. Ikaahirishwa kwa ajili ya palizi ya pamba, ikaahirishwa tena kwa ajili ya mavuno, halafu kwa sababu baba mdogo mmoja alikuwa hajafika kutoka Geita. Hakuna aliyekosea. Sanduku lilipofunguliwa mwezi wa sita, mjane Mektilda aliichaji simu na kukuta barua pepe kumi na moja kutoka kwa kampuni ya Dar es Salaam iliyosajili jina. Ya kwanza ilikuwa ya upole. Ya mwisho ilisema muda wa kulihuisha umekwisha: Jumatano saa nne asubuhi jina litaachiwa huru, na atakayewahi kuliomba ndiye mwenyewe.

Masunga akaona hilo ni jambo la kuwahi tu, na yeye ni mtu wa kuamka mapema. Kosa alilifanya Jumatatu, alipokwenda kununua boliti kwa Mashaka, sokoni Bariadi.

Mashaka ni Mzaramo, na Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za kubeba mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani ana haki zake. Kwenye msiba hukamata kitu cha marehemu akakaa nacho mpaka wafiwa wakikomboe, kwa kawaida kwa kuku au kwa hela ya kahawa. Mfiwa akikasirika, aibu ni yake. Sasa Bujiku alipozikwa Mashaka alikuwa Dar es Salaam, hakukamata kitu, na deni hilo lilimwasha. Msukuma mwenye akili timamu hamwelezi mtani wa namna hiyo kwamba kuna mali ya marehemu iko nje, haina mlinzi. Masunga alimweleza yote, mpaka saa.

Jumatano, saa nne na dakika tatu, Mektilda aliandika jina lile kwenye kompyuta ya stationari. Lilikuwa limeshachukuliwa. Mchana walifungua anwani wakakuta ukurasa mmoja mweupe wenye herufi kubwa: JINA HILI LIKO MSIBANI. WAFIWA WAMWONE MASHAKA, SOKONI BARIADI.

Masunga alicheka, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Kisha akakumbuka kwamba tangu mwaka jana Mashaka anauza toyo, zile pikipiki za magurudumu matatu za kubebea mizigo. Kila mwenye mkokoteni uliovunjika angefungua anwani ya Masunga na kukutana na toyo mpya, isiyohitaji majani wala mchungaji. Akaacha kucheka, akaenda dukani.

"Mwangaluka, Msukuma," Mashaka alisema. "Umekuja kuhani?"

"Nimekuja kuchukua jina."

"Ninyi ng'ombe akifa mnamchuna hajapoa. Jina la mtu mmeliacha nje miezi minne. Mlitaka fisi ajifanye haoni?"

"Tulikuwa na matanga."

"Na mimi ndiyo nimefika matangani. Nikomboe basi."

Masunga akauliza kwa kitu gani. Mashaka akataka mkokoteni mmoja mpya, na matairi yake.

Hapo ndipo Masunga alipopotea njia. Kuku ni utani. Mkokoteni ni biashara. Alimtazama usoni apate kujua ni lipi. Mashaka alikuwa anacheka, lakini Mashaka hucheka hata anapopima misumari. Kugomba hakuwezekani, maana anayemgombeza mtani ameshindwa kabla ya kumaliza sentensi. Polisi nako angeandikisha kosa gani, kutaniwa? Akarudi Dutwa mikono mitupu.

Mkewe, Milembe, dada wa Bujiku, alimsikiliza mpaka mwisho huku akichagua mchele.

"Kwani aliyekufa ni mumeo?" akamwuliza. "Mali ya marehemu hukombolewa na wafiwa. Wewe pale umekwenda kama mteja, na mteja hupangiwa bei."

Jumamosi, soko likiwa limejaa, Mektilda aliingia dukani kwa Mashaka na jogoo mwekundu, akamweka juu ya mizani. Masunga alisimama nyuma yake, kama alivyoelekezwa na mkewe, akiwa kimya.

"Mtani," Mektilda alisema, kwa sauti ya kufika mpaka kwa wauza nyanya, "nimekuja kukomboa jina la mume wangu."

Watu wakasogea. Mashaka akajaribu kutaja mkokoteni.

"Mkokoteni ni mbao," Mektilda akasema. "Wazaramo mmeanza lini kula mbao?"

Wakacheka wote. Bimdogo, mama ntilie wa jirani, naye mtu wa pwani, akamwambia Mashaka apokee jogoo upesi asiwatie aibu kwa watu wa bara. Mbele ya hadhira ile utani ulikuwa hauna budi kuwa utani. Mashaka akatoa simu, akaanza kumsomea Mektilda msimbo wa kuhamishia jina, herufi moja moja, naye akiandika kwenye simu yake. Masunga alikohoa kidogo alipoona sehemu ya mmiliki inajazwa Mektilda.

"Jogoo alikuwa wako, shemeji?"

Hakuwa wake.

Jogoo, ambaye hakuna aliyemtaka ushauri, akaruka kutoka kwenye mizani akatua nyuma ya kaunta, na Masunga akainama kumfuata. Alimkuta amesimama juu ya bango jipya lililoviringishwa. Akalifunua kidogo. Kulikuwa na picha ya toyo, na chini yake, kwa herufi nyekundu, mkokotenidutwa.co.tz. Bango kama hilo huchukua siku kadhaa kuchapwa Mwanza.

Masunga akamtazama Mashaka. "Na hili?"

"Na hilo utani," Mashaka akasema.

Masunga akacheka, kama inavyotakiwa. Mektilda hakucheka. Alisema mtani akikombolewa hurudisha vyote alivyokamata, akalitia bango kwapani, akatoka. Siku hizi linafunika mashine ya fotokopi pale stationari, picha ikiwa upande wa ndani. Ni turubai zuri, halipitishi vumbi.